Mshale wa Geji Usiotulia

Fundi alikuwa ameifungua regyuleta na kuipanga juu ya kitambaa cheupe, kipande kimoja kimoja kwa jinsi kilivyotoka: kofia, springi, pistoni, mpira mwembamba wa duara, na kile kikalio kidogo cha plastiki ambacho kazi yake yote hapa duniani ni kuziba. Alikuwa ameifungua jana pia, na juzi. Kila mara aliirudisha sawasawa, na kila mara ilimwaibisha mbele za watu.

Tatizo lenyewe halikuwa gumu kulieleza. Ghala la nafaka la kiwanda cha unga lilikuwa na njiwa, na walinzi walikuwa na bunduki za upepo za kuwapigia, kwa sababu baruti haitakiwi karibu na vumbi la unga. Mtungi wa bunduki ulibeba hewa iliyoshindiliwa. Regyuleta ilitakiwa kuipunguza na kuitoa kwa kipimo kilekile, risasi baada ya risasi. Ukiiseti asubuhi, mshale wa geji ya presha ulikaa kwenye mstari wa kijani kwa adabu kama mtoto mbele ya mgeni. Kabla ya saa ya chai ulikuwa umeanza kupanda, taratibu, bila mkono wa mtu.

Mlinzi aliingia na kuilaza bunduki juu ya benchi.

"Fundi, chombo chako kinanichezea. Risasi ya kwanza imetoboa bati. Ya pili imedondoka hapa miguuni kwangu."

"Na njiwa?"

"Njiwa ameniangalia tu. Kisha kaingia kwa lile tundu la juzi."

Fundi alikuwa amebadilisha mpira. Alikuwa amekisafisha kikalio mpaka kikang'aa, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akautumbukiza mtungi mzima kwenye pipa la maji na kuukodolea macho kama mtu anayesubiri sufuria ichemke. Hakuna kiputo hata kimoja. Kwa hiyo hewa haikuwa inavuja kwenda nje. Ilikuwa inasukuma tu, kama mtu aliyekaa na jambo moyoni.

Siku hiyo aliamua kuutoa upepo wote na kuanza upya. Akalegeza skrubu ya kupunguzia, polepole, na mtungi ukakohoa. Ukakohoa tena, kikohozi cha mtu mwingine, cha kifua kizito. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke:

"Msimamizi, samahani, nilitaka kukuambia kuhusu haya madi—"

Ilikuwa sauti ya dada yake, mpakiaji wa magunia hapohapo kiwandani. Fundi akaifunga skrubu na kujifuta mikono. Sasa angalau alijua ni nini kilichokuwa kinasukuma.

Kompresa ya kuwajazia walinzi mitungi ilikaa nyuma ya chumba cha kupakia magunia. Hapo zamani ilivuta hewa kutoka nje, na vumbi la uani likawa linaziba machujio. Kiwanda kikachoka kununua machujio. Wakatoboa ukuta na kuuingiza mdomo wa bomba ndani ya chumba, ambako madirisha yalikuwa yamekwisha kupigiliwa misumari ili njiwa wasiingie. Walisema ni kwa muda. Misumari ile imeota kutu tangu wakati huo, na waliosema ni kwa muda wamestaafu na kuagwa kwa hotuba.

Tangu bomba liingie, wapakiaji walipungua maneno. Mtu alianza sentensi na mkia wake ukaenda na hewa. Kiwanda kiliita hali hiyo nidhamu, kikawapiga picha na kuitundika ukutani: kikosi bora.

Dada ndiye aliyemlea fundi, na enzi zake aliweza kugombana na mtaa mzima huku anasonga nywele. Sasa alirudi nyumbani jioni, akakaa kwenye stuli na kumwonyesha sahani kwa kidole.

"Mdogo wangu, ume—"

"Nimekula, dada."

Wenzake walikuwa wamemchagua akamweleze meneja habari ya madirisha. Mara ya kwanza aliingia ofisini, akafungua mdomo, akasimama hivyohivyo. Meneja alimshukuru kwa kutompotezea muda. Ijumaa alikuwa na nafasi nyingine, na hakuna aliyedhani kutakuwa na ya tatu. Mama mmoja alishaanguka juu ya magunia, na katika taarifa ya zamu ikasemwa kwamba alilala kazini.

"Maneno yako yako kwenye mtungi," fundi akamwambia. "Na ya wenzako."

Dada akafikiri kidogo.

"Yalete," akasema, akapumzika.

Kwanza fundi alijaribu njia ya adabu. Alikwenda kwa meneja na kumwomba mdomo wa bomba urudishwe nje.

"Regyuleta kazi yake nini?" meneja akauliza.

"Kutuliza presha, mzee."

"Basi itulize."

Akapewa springi mpya, nene kuliko ile ya zamani. Akaifunga shingo upande. Mshale ukapanda haraka zaidi, na mlinzi akaja kumwambia kuwa sasa bati lina matundu kama chekeche, na njiwa wanachagua mlango wa kuingilia.

Ijumaa fundi aliubeba mtungi begani hadi ofisini, akatandika gazeti ili meza isikwaruzwe, akaulaza. Dada alivuta kiti, akasogeza mdomo kwenye skrubu. Fundi akalegeza kidogo tu. Dada akavuta pumzi, akaketi wima, akaanza.

Alisema habari ya madirisha na misumari. Alimsema yule mama wa kwenye magunia, jina lake na la baba yake, na nani alimpepea na nani alikataza apepewe. Alisema "kwa muda" ni muda gani. Pumzi ilipokwisha aliinama, akavuta nyingine, na mara nyingine iliyotoka ilikuwa sauti ya mwenzake, nzito au ya puani, naye akaiachia imalize yake. Kulikuwa na matusi machache ya zamani sana. Meneja aliyasikiliza nayo. Hakutazama saa wala kubisha. Mwisho alishukuru kwa dhati, kisha akamgeukia fundi.

"Geji inasemaje?"

Fundi akatazama. Mtungi ulikuwa umebakiwa na hewa kidogo, hewa tupu isiyo na neno ndani. Mshale ulikuwa kwenye mstari wa kijani. Wakausubiri. Haukutikisika. Na kwa kuwa fundi anapoulizwa kipimo husoma kipimo, akasema kweli kabla hajajishika ulimi.

"Imetulia."

"Haya," meneja akasema, na uso ukamkunjuka. "Kumbe dawa ni hii. Wiki nzima tunajaza, Ijumaa mama huyu anakuja kuzungumza. Walinzi wamehangaika mno."

"Na madirisha?" dada akauliza.

"Tukiyafungua si njiwa wataingia?"

Njiwa mmoja alikuwa anatembea juu ya kabati la ofisi. Meneja alivuta sahani yake ya biskuti karibu.

Muda wa mapumziko ukaisha. Dada alirudi kwenye chumba cha kupakia akiwa bado na pumzi za kutosha, na korido nzima ilimsikia. Fundi aliitoa hewa iliyobaki mtungini, akaupeleka nyuma ya chumba hicho, kwa kuwa alitakiwa aukabidhi umejaa. Alisimama mbele ya kompresa akiwa na mpira wa kujazia mkononi. Akafikiria kuuacha. Akamwona mlinzi amekwisha kufika, anangoja mlangoni na bunduki, na yuko tayari kubonyeza swichi mwenyewe kama itabidi. Fundi akauunga mpira, akabonyeza.

Upande wa pili wa ukuta dada alikuwa anawahadithia wenzake maneno ya meneja, anamwiga mpaka kwa kikohozi chake, nao wanacheka, jambo lililokuwa halijasikika chumbani humo kwa miaka. Kicheko kikawa chembamba. Halafu kikawa cha mtu mmoja.

"Nikamuuliza na madirisha, akaniambia tukiyafu—"

Mlinzi akainama kuitazama geji. Mshale ulipanda, ukafika kwenye mstari wa kijani, ukakaa.

"Hapo sawa," akasema.