Jiwe la Kukandamizia Jibini

Mdogo wangu Balbina alileta jiwe jeusi, laini, akaliweka juu ya jibini bichi ili likamue maji.

"Umelitoa wapi?" nikamuuliza.

"Pale juu, kwenye Msalaba wa Chuma. Yamejaa kama viazi."

"Mwizi wewe! Heri ungeiba kuku wa padri, yeye angekusamehe."

Alicheka. Lakini sisi wa kijiji cha Foncebadón tunajua: kila hujaji aendaye Santiago, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo, huja na jiwe la kwao, akalitua chini ya msalaba ule pamoja na uchungu wake. Haliondolewi.

Jibini halikukauka. Maji yalidondoka kutwa kucha. Niliyaonja kwa kidole, yakawa na chumvi kama machozi, nasi hatukuwa tumetia chumvi. Kisha Balbina akaanza kulia. Hakuwahi kuzaa, lakini aliita kama mama amwitaye mwanawe, kwa jina tusilolijua kijijini, "Joren, rudi, utaanguka!" Nikimpa supu ya dengu, anasukuma bakuli: "Mpe mtoto kwanza." Alikonda hadi nikaogopa kwamba Pasaka haitamkuta.

Asubuhi moja ya ukungu nilimvika koti langu, tukapanda mlima kulirudisha jiwe. Jiwe alilipakata kifuani. Nyuma yetu zilisikika hatua ndogo. Tukisimama, nazo zinasimama.

Juu kule theluji ilikuwa imefunika lundo lote chini ya mlingoti wa msalaba, isipokuwa kishimo kimoja kikavu, kadiri ya jiwe lile.

"Liweke, mdogo wangu."

"Dada, nikiliacha, nani atamlilia?"

"Mama yake yupo, analia huko aliko. Wewe umempokea mzigo kidogo. Basi, inatosha."

Alilibusu, akalilaza. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa, akalifunika, kwa sababu ya baridi.

Tulipogeuka, zile hatua zilitupita katika ukungu, zikikimbia kuteremka kuelekea kijijini. Hatukuona mtu.

Mlango wetu ulikuwa umefungwa kama tulivyouacha. Nikazungusha ufunguo, tukaingia. Jibini lilikuwa limekauka vizuri. Pembeni lilikuwa limeng'atwa, na alama za meno zilikuwa ndogo, kama punje za mchele.

Mimi nilifanya ishara ya msalaba. Balbina alitazama tu.

"Alikuwa na njaa, maskini," akasema.

Akachukua kisu, akakata vipande viwili. Kimoja akala yeye, polepole, mpaka kikaisha. Kingine akakiweka dirishani.