Tumbo la Siune

Nguruwe walichinjwa wengi kwa wajomba zake Siune, na nyama ya kwanza kutoka kwenye shimo la mawe ya moto alitiwa mkononi yeye, maana ndiye mpwa wao wa kiume. Iliyobaki bibi yake mzaa baba, Yomba, aliibeba nyumbani kwenye majani ya migomba, akawa anamkatia kidogo kidogo kila kukicha, hata ilipoanza kunuka. Mtoto wa milimani hula viazi vitamu mwaka mzima; nyama ikipatikana, nani atamwambia aache?

Tumbo likamkata. Akatapika, akaharisha damu, kisha choo kikafunga kabisa na tumbo likavimba likang'aa. Mama yake, Bamne, akamtia kwenye mfuko wa kusuka, akauvaa ukanda wake kichwani, akateremka naye hadi kituo cha afya.

Muuguzi alikuwa mmoja tu, Sista Delis, mtu wa pwani. Alimpitishia Siune mpira mwembamba puani hadi tumboni, akamning'inizia chupa ya maji ya dawa.

"Hospitali ya mjini wangempasua," alisema, "ila mlima umeporomoka barabarani. Baba yake yuko wapi?"

"Gend ameenda kutafuta gari ng'ambo ya maporomoko."

"Haya, sikia. Chakula hakishuki chenyewe kama jiwe kisimani. Utumbo unakikamua, unakisukuma, hivi." Akaushika mkono wa Bamne, akaukamua taratibu toka kiwiko mpaka vidole. "Wa mwanao umeungua kwa sumu ya ile nyama. Umelala. Ukiutwika kitu, utapasuka. Hata tone la maji, hapana. Akijamba, niite. Ndiyo dalili kwamba unaanza kuamka."

"Akijamba?"

"Ndiyo, mama. Usicheke."

Bamne hakuwa na kicheko. Akakaa kitandani, akawa anamtazama mwanawe kama mtu anayetazama chungu kisichochemka.

Kitanda cha pili alilala mzee Kumugl, aliyejikata mguu kwa shoka. "Dunia hii!" akasema. "Mimi mke wangu kanihamisha nyumba kwa sababu ya kujamba, na humu mtu anabembelezwa! Mjukuu wangu, nikuazime moja?"

Siune akatabasamu, midomo iliyokauka ikampasuka. Tabasamu lile lilimuuma Bamne kuliko kilio.

Kesho yake Yomba akaingia na viazi vya kuchoma. "Mnamuua mtoto kwa njaa!"

"Mama, sista amekataza."

"Sista amezaa? Hao wala samaki wa pwani wanajua nini juu ya tumbo la mtu wa huku? Mimi nimezaa, nimelea, nimezika."

Bamne akasimama kati ya bibi na kitanda, hakusogea. Yomba akaketi sakafuni, kampa mgongo.

Jua lilipokuwa utosini, ukatoka mlio mdogo, mwembamba.

"Huyo!" Kumugl akapiga kelele. "Huyo! Si mimi, naapa!"

Bamne akacheka huku machozi yanamtoka, akakimbia chumba cha nyuma. Sista alikuwa anazalisha, mikono yote imeshika kichwa cha mtoto. "Nakuja," alisema bila kugeuka. "Bado usimpe kitu."

Bamne aliporudi alikuta taya la Yomba linatafuna. Alikuwa akivilainisha viazi mdomoni, kama wanavyolishwa watoto wote huko, kisha anamtia Siune kwa kidole. Siune anameza kwa pupa.

"Tumbo limeamka, mwenyewe umesikia," Yomba akasema. "Ameomba. Nimnyime?"

Bamne akanyoosha mkono. Ukafika nusu. Milimani kule, anayemzuilia mtoto chakula ndiye anayetajwa mchawi mtoto akifa, na kuna wanawake waliotiwa moto kwa neno hilo. Tena Siune alikuwa anamtazama, macho yamejaa furaha. Mkono ukashuka. Likapita tonge, likapita jingine.

Haukupita muda, Siune akapiga yowe moja, akajikunja. Kisha akatulia, na tumbo likawa gumu kama ubao.

Sista akaja mbio, damu ya uzazi ingali mikononi. "Amekula nini?"

"Hajala," Yomba akasema.

Kumugl akageukia ukuta.

"Viazi," Bamne akasema. "Nilisimama papa hapa, nikaangalia."

Sista akachomeka bomba la sindano kwenye ule mpira, akavuta. Vikaja vipande vya rangi ya chungwa, kisha maji meusi. Hakumgombeza mtu. Gend na wenzake walipofika na machela ya miti, gari likiwasubiri ng'ambo, Siune alikuwa ameshaacha kupumua.

Gend akamgusa mwanawe shavu. Akaviona vile vipande ndani ya bomba, akainua macho. "Nani alimlisha?"

Uso wa Yomba ukawa wa majivu. Naye alilijua lile neno mchawi, na alijua halichagui umri. Akaanza kuomboleza kabla hajaulizwa, na katikati ya maombolezo akanyoosha kidole.

"Muulizeni mama yake. Amekiri mwenyewe. Alisimama, akaangalia."

Wanaume wakaiweka machela chini, wakamgeukia Bamne. Yeye alikuwa anamfuta Siune kiazi kilichobaki pembeni mwa mdomo.