Kitanda cha Kwenda Kibosho

Trela la Tekla lilianza maisha yake likiwa kifudifudi, juu ya mabenchi mawili, mbele ya karakana ya makochi ya Editha pale Kiwalani. Ndivyo kochi linavyoundwa: fundi huanza na tumbo la chini, akishamaliza kupigilia ndipo hulipindua na kulivika nguo. Editha hakuona sababu ya kubadili desturi kwa ajili ya sanduku la mbao lenye ukubwa wa kabati la nguo lililolazwa. Alikuwa amepanda juu yake, kanga ameikaza kiunoni, misumari ameibana kwa midomo, anapigilia kitambaa cha kiroba kwa nyundo ndogo. Tekla alisimama pembeni akistaajabia jinsi kitambaa kile kilivyonyooka bila hata kunyanzi moja.

Wapita njia nao walikuwa wamepata cha kusema. Mmoja aliuliza kama lile ni banda la kuku. Muuza kahawa, baada ya kulizunguka na birika lake, alikata shauri kwamba ni la kusafirishia maiti kwenda Moshi, akampa Tekla pole. Tekla akaipokea kwa adabu, maana mtaani ukikataa pole utaulizwa maswali mengi kuliko aliyefiwa kweli.

Editha alitema misumari kiganjani. "Ungemwambia ni la kulala wewe mwenyewe."

"Ndipo angenipa pole mara mbili," Tekla alijibu.

Ndege ikapita juu ya mapaa ikielekea kutua, nao wakanyamaza, kama wanavyonyamaza watu wote wa Kiwalani, kila mmoja akiwa ameshika sentensi yake mpaka kelele zipite. Kisha Editha akaendelea kugonga.

Ukweli ni kwamba Tekla alikuwa anataka kwenda kwao Kibosho, Moshi, alikoolewa, kula Krismasi, na hakuwa na pa kulala. Maneno hayo angeyasema hadharani watu wangemcheka, kwa sababu Kibosho ukoo wa marehemu mumewe una nyumba za kutosha kulaza kwaya nzima. Nyumba ya shemeji yake mkubwa, Cyprian, peke yake ina vyumba ambavyo hata mwenyewe huvihesabu kwa kusitasita. Lakini Adelard, mume wa Tekla, hakujenga. Baba yao aliwagawia kila mmoja kipande chake katika kihamba, shamba la ukoo, huko kwenye migomba na kahawa, na kila mwaka Adelard aliahidi kwamba mwakani ataanza msingi. Mwakani ikawa inasogea, mpaka kitu cha kwanza kujengwa katika kipande chake kikawa kaburi lake.

Krismasi ya kwanza baada ya msiba, Tekla alipewa chumba kizuri kwa Cyprian. Wageni wa Arusha walipofika akahamishiwa kwa watoto, na walipoongezeka wa Nairobi akahamishiwa stoo, karibu na magunia ya mahindi. Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwamba hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Chai aliletewa kwenye vikombe vya wageni, jikoni alizuiwa asijisumbue, na alipotaka kwenda kukaa kidogo kaburini kwa mumewe ilibidi aage, kisha apatikane mtu wa kumsindikiza. Aliyekuwa mke wa nyumba alikuwa amegeuka mgeni wa kuheshimiwa, na moyo wake ulikataa. Krismasi zilizofuata alisingizia goti. Mara nyingine alisingizia kwaya. Kisha akaona aibu kuongopa hata kwenye simu, akawa hapokei.

Kwa nini hakujenga mwenyewe? Binti yake wa pekee, Blessing, aliyeolewa Mwanza, alimuuliza hivyo hivyo. Lakini Tekla alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo, na kwa miaka mingi aliwasikia mashahidi wakiapa juu ya mstari mmoja wa matofali. Aliwaona ndugu walionyonya ziwa moja wakipita mlango wa mahakama kwa zamu ili wasigusane mabega, na mara nyingi chanzo kilikuwa mjane aliyemwaga zege bila kuaga. Mume hayupo, mtoto wa kiume hayupo. Msingi wake ungesomwa kama tangazo la vita. Hakutaka ardhi ya mtu. Alitaka kuamka asubuhi karibu na Adelard, afungue mlango wake mwenyewe, achemshe chai yake.

Jibu alilipata kituo cha mafuta cha Chalinze, akitoka harusini Morogoro. Nyuma ya gari dogo palikuwa na trela, na kutoka ndani yake wakashuka wazee wawili wa Kizungu, wamevaa ndala, na miswaki mikononi, wakitazama huku na huku kama watu walioamka kwao. Tekla aliwakodolea macho mpaka yule bibi akampungia mkono. Aliporudi Dar hakwenda kwake moja kwa moja. Alipitia Kiwalani kwa Editha, rafiki yake tangu walipokutana jumuiya ndogondogo miaka ile mabinti zao walipokuwa wakijiandaa kwa komunyo ya kwanza.

Editha ni mtu wa Ndanda. Alirithi karakana kwa mumewe, na watu waliposubiri aiuze, yeye akajifunza kupiga randa. Alimsikiliza Tekla mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama atalala chali au ubavu. Siku iliyofuata wakaenda kwa Mwishehe, fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaa wa pili. Mwishehe akawatafutia ekseli ya gari lililokufa, akaunganisha fremu na ndoano ya kufunga kwenye pikapu kuukuu aliyoiacha Adelard. Kazi ya sanduku alimwachia Editha, na Editha aliifanya kwa namna anayoijua. Kitanda kilikuwa kochi refu lisilo na mgongo, mikanda ya raba chini, sponji nene juu, velveti ya rangi ya damu ya mzee. Mlango ulikuwa na kitasa cha kabati. Nyuma palikuwa na kifuniko cha bati cha kuinua, ndani yake rafu ya jiko la gesi na sufuria mbili. Lilipopinduliwa na kufungwa juu ya magurudumu, Tekla aliingia, akalala, akatazama dari ya plaiwudi iliyokuwa karibu na pua yake, akajisikia amefika mahali.

Halafu Cyprian akapiga simu.

Habari zilikuwa zimempata, kama zinavyowapata watu wote wa Kibosho walioko Dar, kupitia misa ya pili. Aliuliza hali, akauliza goti, kisha akasema Jumapili atapita Kinondoni kwa Tekla kuona hicho kitu anachoambiwa. Hakusema zaidi. Tekla aliweka simu mezani. Cyprian ndiye mkubwa wa ukoo. Akisema neno moja kwamba kitu kile hakipandi mlimani, hakuna geti la Kibosho litakalofunguka, na yeye hatakuwa na uso wa kurudi tena hata kama mgeni.

Jumamosi walilitoa Kiwalani, Tekla kwenye usukani, Editha kando yake akigeuka nyuma kila mara kama mama aliyempakia mtoto kwenye basi la shule. Mvua za vuli zilikuwa zimepiga tangu asubuhi, na barabara za ndani zimejaa madimbwi yasiyojulikana kina. Trela lilifuata vizuri, likiruka kidogo penye matuta. Walifika Kinondoni wakicheka. Tekla akafungua mlango ili wajisifu kidogo, akaweka mkono juu ya velveti, akaunyanyua haraka. Alibonyeza tena, na maji ya rangi ya chai yakapanda katikati ya vidole vyake.

Editha alipiga magoti kwenye matope, akachungulia chini, na akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nimeweka kiroba," alisema hatimaye, bila kutoa kichwa. "Chini nimeweka kiroba, dada Tekla. Kama kochi."

Hapakuwa na sakafu. Palikuwa na fremu ya Mwishehe, mikanda ya raba, na kile kitambaa kilichonyooka bila kunyanzi, ambacho kwenye sebule ya mtu kingefanya kazi yake miaka ishirini kwa sababu sebuleni hakuna magurudumu yanayorusha maji. Wote wawili walikiona kikipigiliwa. Wote wawili walikisifu. Tekla alihisi hasira ikimpanda, akamtafuta wa kumtupia, akamwona rafiki yake amepiga magoti na kanga yake nzuri kwenye tope, mikono kichwani, na hasira ikakosa pa kutua. Alimwinua. Akamwambia aende akaoge, kesho baada ya misa aje na plaiwudi na bati.

Usiku huo hakulala. Aliona aibu mapema, ya jambo ambalo bado halijatokea. Asubuhi walivua velveti na kuianika sponji juani, wakaigeuzageuza kama muhogo, lakini jua la vuli ni la kuazima. Juu ilikauka, ndani Mungu ndiye aliyekuwa anajua. Editha alikuwa amepigilia ubao mmoja tu chini pale honi ya Cyprian ilipolia getini. Walirudisha sponji, wakaivika nguo yake, wakajipanga mbele ya trela.

"Shikamoo shemeji," alisema Tekla.

Cyprian aliitikia, akamsalimu Editha pia, akakataa kiti. Alikuwa mtu mrefu mwenye uso wa uchovu ambao watu huudhania ukali. Alilizunguka trela mara moja, akaligonga tairi kwa ncha ya kiatu. Akasema watu wanamwambia shemeji yake anatengeneza gari la maiti.

Tekla alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, lakini yalipotoka yalitoka bila mpango. Alimweleza kwamba ni la kulala, kwamba anataka kuliweka kwenye kipande cha Adelard, kwamba hachimbi, hamwagi zege, na siku atakayoondoka ataondoka nalo, pabaki majani tu.

Cyprian alimgeukia. "Kwangu pamekushinda nini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia Krismasi zote zile. Editha alitazama nyundo yake.

"Hapajanishinda kitu, shemeji," Tekla alisema. "Kwako nalala vizuri. Ila naamka mgeni."

Alisubiri jibu, lakini Cyprian alikuwa ameinama anavua viatu. Alivipanga kando ya gurudumu, akaingia ndani kwa shida, magoti yake yakigusa dari, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa kile kitasa cha kabati. Wanawake wawili wakabaki nje. Tekla aliwaza juu ya sponji. Aliwaza juu ya ubao mmoja. Muda ukapita, na ndani kukawa kimya, kimya cha mtu anayetafuta namna ya kukataa bila kuvunja heshima. Tekla alianza kujiandaa kumsamehe.

Kisha wakasikia mkoromo.

Ulianza kwa kujaribu, ukapata njia yake, ukatulia. Editha alijiziba mdomo kwa kanga. Tekla alimburuta mpaka mlango wa jikoni, na huko wakakaa wakimsikiliza mkubwa wa ukoo akilala. Maharage yaliwekwa jikoni, yakaiva. Jirani alipita, akauliza nani anakoroma, akaambiwa ni mgeni.

Cyprian alitoka akiwa na alama ya mshono wa velveti shavuni, na mgongo wa shati lake jeupe umelowa mpaka kwenye mkanda. Wanawake waliona. Hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake.

"Kuna ubaridi mzuri humo," alisema. "Kama kwetu."

Alikaa kwenye kizingiti cha trela kuvaa viatu, na hapo ndipo alipoyasema, akizungumza na kamba za viatu vyake. Alisema tangu ajenge ile nyumba hajawahi kulala kitandani ndani yake usiku wa Krismasi. Vyumba ni vya wageni, chumba chake mwenyewe wanalala mkewe na mashangazi, yeye hulala kwenye kiti sebuleni na kuamka kabla ya watu ili asikutwe. Alisema watu wanamwonea wivu nyumba ile. Tekla alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akaona anafanana na Adelard, hasa kwenye mabega.

"Uliweke upande wa kahawa," Cyprian aliendelea. "Usilisogeze sana kwenye migomba, pale panateleza. Mlango uelekee kwa Adelard. Njia nitaifyeka mwenyewe kabla hamjapanda."

Tekla aliitikia kwa kichwa. Lakini ukarani ni ugonjwa usiopona; alitaka ruhusa yake iwe kamili, isije ikazua neno baadaye. Akauliza anaweza kukaa siku ngapi.

Cyprian aliacha kufunga kamba. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua.

"Yaani kwako," alisema, "halafu unaniuliza mimi siku za kukaa?"

Alikula maharage, akashukuru, akaondoka na shati lake lililolowa. Gari lilipokata kona, Editha alilipuka kwa kicheko alichokuwa amekishikilia tangu mchana, akashika ukuta. Tekla naye alicheka mpaka akagundua kwamba analia, kilio chepesi cha mtu aliyetua mzigo na bado mabega hayajaamini. Hakujificha.

Jua lilikuwa limepata nguvu kidogo. Editha alivuta kipande cha bati, akaingia chini ya trela kumalizia sakafu, na baada ya muda sauti yake ikatoka huko ikiomba apewe nyundo. Tekla akamwambia asubiri kidogo. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wake, miguu ikining'inia, na hakuwa tayari kusimama.