Malkia Aliyekataa Mfalme wa Kuazima

Magoti ya Malkia Efigênia yaligoma wiki ya Pasaka, na mji mzima wa Brejo Fundo ukajua maana yake: Oktoba, siku ya Bikira Maria wa Rozari, binti yake, Zulmira, angevikwa taji la malkia wa ngoma za kanisa, ambalo wanawake wa ukoo wa Quirino wamelivaa tangu enzi za utumwa.

Shida ilikuwa mfalme. Malkia huvikwa taji na mfalme, na taji la mfalme lilikaa kwa akina Lourenço, ng'ambo ya mto, ambako hakuna Quirino aliyekuwa amekanyaga kwa miaka ishirini na tatu. Ugomvi ulianzia mlangoni mwa kanisa, vikundi viwili vya ngoma vikigombea nani atangulie kuingia. Tarcísio, mjomba wake Zulmira, alimchapa Mfalme Belarmino Lourenço kwa mkwiro wa ngoma, taji likaruka hadi matopeni. Tangu hapo zikawa sherehe mbili, na akina Quirino wakawa wanaazima mfalme wa mji wa jirani, mzee mmoja mwenye usingizi aliyekuja na basi la asubuhi na kuondoka na la jioni.

Siku ya ugomvi Zulmira alikuwa na miaka kumi na mmoja, binti mfalme wa maandamano. Mwana mfalme alikuwa Anésio, mtoto wa Belarmino, mwenye sikio moja lililosimama kuliko jingine. Walikuwa wametembea wameshikana mikono chini ya mwavuli wa hariri tangu wakiwa na miaka sita. Wakubwa walipoanza kurushiana ngumi, Anésio alimvuta nyuma ya nguzo, akamnong'oneza, "Usilie. Watachoka."

Hawakuchoka. Anésio akawa dereva wa lori la maziwa, Zulmira mwalimu wa chekechea. Alichumbiwa mara moja na fundi kutoka mji mkuu, akairudisha pete. Anésio hakuchumbia mtu. Kila asubuhi alishusha maziwa getini mwa shule, na kwa kuwa mji una macho, maneno yao yalikuwa yale yale.

"Maziwa yamefika, mwalimu."

"Yamechelewa."

"Ng'ombe walilala."

Miaka tisa.

Agosti, Zulmira alimwambia mama yake, "Sitaki mfalme wa kuazima."

"Sasa utavikwa na nani? Na paka?"

"Nakwenda kwa akina Lourenço."

Mama yake alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Vaa gauni la buluu," akasema. "Lile la kijani linakufanya uonekane mwenye njaa."

Jumapili mchana Zulmira alivuka mto. Alimkuta Belarmino jikoni akipukuchua mahindi. Hakumkaribisha kiti.

"Wewe wa nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Wa Efigênia."

"Efigênia hana miguu ya kuja mwenyewe?"

"Hana, mzee. Magoti yamekwisha."

Mikono ya mzee ikasimama juu ya gunzi. "Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na yule mjomba wako wa mkwiro?"

"Nimemwomba mara tatu. Hatakuja."

"Basi na wewe rudi."

Anésio aliingia na birika mkononi. "Baba, hujampa mgeni kahawa."

"Akinywa kahawa yangu itabidi nimsikilize."

"Ndiyo maana namtilia."

Zulmira alikunywa, ikamchoma ulimi. "Mzee, mimi nilikuwepo. Niliona taji likianguka, na hakuna mtu wa kwetu aliyeinama kuliokota. Hilo ndilo nililokuja kuliombea radhi. Siombi kwa ajili ya mjomba. Naomba kwa ajili yangu."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na mikono."

Belarmino alitazama dirishani. Alipozungumza, sauti ilikuwa imepungua. "Mikono yangu inatetemeka siku hizi. Hata taji lako nitaliangusha. Atakuvika Anésio. Ila lazima kwanza nimtawaze yeye, na desturi inataka malkia mzee awepo. Mwambie mama yako nitamfuata mwenyewe."

"Atakutukana."

"Nimeyakosa matusi yake miaka ishirini na tatu."

Anésio alimsindikiza hadi darajani, ambako vijana walikuwa wakivua samaki na wanawake wakisuka nywele. Wote wakageuka kutazama.

"Mwalimu," akasema, masikio yamemwiva. "Wale ng'ombe hawakuwahi kulala. Nilikuwa nazunguka mtaa mara mbili, nifike watoto wamekwisha ingia darasani, nikukute peke yako getini."

"Miaka tisa?"

"Na dizeli ya tajiri."

Zulmira alicheka hadi akashika ukingo wa daraja. "Na ulikuwa unangoja nini, Anésio?"

"Nangoja wachoke."

"Basi mimi nimechoka kabla yao." Akamshika mkono, mchana kweupe, mbele ya macho yote hayo, na hakuuachia mpaka upande wa pili.

Siku ya Rozari, Belarmino alimfuata Efigênia kwa lori la maziwa, akambeba mwenyewe hadi kitini kanisani.

"Umezeeka vibaya," Efigênia akamwambia.

"Na wewe umeongezeka uzito."

Wakashikana mikono, wakalia kama watoto. Nusu ya akina Quirino walibaki nje, wamekunja mikono, hawataki kuona. Ndani, njuga zikilia miguuni mwa wachezaji, Belarmino alimvika mwanawe taji, na Anésio akamvika Zulmira. Lilikaa upande.

"Limepinda," Zulmira akanong'ona.

"Najua. Nikiligusa tena nitalia."

"Liache hivyo hivyo."

Chakula kilipopakuliwa, kuku kwa bamia na ugali wa mahindi, waliokunja mikono nje walianza kuingia mmoja mmoja, wakisema wamefuata kuku tu.

Zulmira na Anésio walioana Mei. Tarcísio hakuja kanisani, hakuja harusini, na akimwona Anésio huvuka barabara. Lakini kila Jumapili Malkia Zulmira hupita nyumbani kwake, hubisha mlango uliofungwa na kusema, "Shikamoo, mjomba." Siku nyingine huitikiwa.