Siku Mwanakombo Alipofunga

"Mie leo nimefunga, shoga," Mwanakombo alisema, na mwiko ukasimama katikati ya sufuria.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, uani kwa Flaviana, Madale, kule ambako nyumba zinapanda kilima kama zinagombea kuchungulia. Mabinti wawili wa Flaviana walikuwa wanapata kipaimara siku hiyo, na wageni mia mbili wangekuja kula baada ya misa. Masufuria matano yalikaa kwenye mafiga, supu ya nyama ya pilau ikitokota. Moshi wa kuni ulitanda chini chini, na wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu wakaonekana vipande vipande, kama watu wa ndotoni: mkono huku, kilemba kule, kicheko kisicho na mwenyewe.

Kokushubila, mpishi mkuu, akamsogelea rafiki yake sikioni. "Umefunga nini na Ramadhani bado?"

"Nalipa. Shabani ndiyo hii inaisha, nimebakiza siku moja tu." Mwanakombo alishusha sauti. "Na hiyo moja unajua mwenyewe ilikotoka."

Kokushubila aliijua. Ramadhani iliyopita, kwenye shughuli moja Kimara, Mwanakombo alionja mchuzi kwa ncha ya ulimi ili auteme, maana alishaambiwa mpishi anaruhusiwa. Mtu akamchekesha, mchuzi ukashuka. Alikuwa anaonja kwa niaba ya Kokushubila. Siku zote alikuwa anaonja kwa niaba ya Kokushubila, na hakuna mtu mwingine aliyelijua hilo.

Miaka mitatu nyuma homa iliingia nyumbani kwa Kokushubila. Ilimchukua Stanley, mume wake, kwa siku tisa. Yeye ikamwacha, ila iliondoka na pua yake na ulimi wake. Alipoweza kukaa kitandani aliletewa uji wa tangawizi, akadhani ni maji ya moto. Watu walikuja kumpa pole ya msiba. Ile moja akaipokea, ile nyingine hakumwambia mtu kwamba anaidai. Angesemaje? Mwanamke ambaye Kimara nzima mpaka Tegeta wanasema pilau lake linaleta hata jirani mliyenuniana, eti amekuja kuazima chumvi, amwambie nani kwamba sasa mdalasini na kipande cha ukuni kwake ni kitu kimoja?

Mwanakombo aligundua mwenyewe. Alipita siku moja kuchukua kamba ya kuanikia, akamkuta anaimba wimbo wa kanisani taratibu kabisa huku maharage yanaungua mbele yake. Hakumtangaza. Na kwa Mwanakombo, ambaye habari ya asubuhi haijawahi kulala kwake, kunyamaza miaka mitatu kulikuwa ibada tosha.

Wakapanga yao. Kwenye shughuli za huku, chumvi ni ya mpishi mkuu peke yake. Anamwagiwa supu kiganjani, anailamba mbele ya wote, anasema "imekubali", ndipo mchele unaingia. Basi Mwanakombo alikuwa anaonja kwanza, kama mtu mwenye njaa zake tu. Akikaza kanga kiunoni, chumvi bado. Akigusa kilemba, inatosha. Kokushubila analamba kiganja, anafumba macho kidogo kwa madaha, anatoa hukumu. Watu wanaitikia.

Kila jioni, akiwa peke yake, Kokushubila aliyapanga makopo ya viungo mezani. Iliki, karafuu, bizari nyembamba, mdalasini, pilipili manga. Alifungua moja, akaliweka puani, akasali Salamu Maria moja mpaka mwisho, akafunga, akafungua jingine. Ukimya, ukimya, ukimya. Wenzake kwenye jumuiya walimwona amekuwa mtu wa kusali sana, wengine wakasema labda kuna alichomfanyia marehemu. Kuna aliyempa namba ya mtu anayeuza mafuta ya kufungua vifungo. Kokushubila hakuipiga. Alikuwa anaamini kwamba Mungu yuko ndani ya yale makopo, amekaa kimya tu, kama mtu anayejua kwamba unamsubiri.

Na sasa wanawake walikuwa wanamtazama.

"Dada Koku, mchele umeshachambuliwa," alisema Rosalia, wifi yake Flaviana, mwanamke wa mdomo, mwenye sauti ya kupita ukuta. "Onja basi tuendelee. Au leo mpaka tukupigie vigelegele?"

Wakacheka. Mtu akammwagia supu kiganjani. Akalamba.

Moto. Maji. Basi.

Pale penye ladha palikuwa na ukungu ule ule wa miaka mitatu, mpana, mweupe, hauna mlango. Aligeuka. Mwanakombo alikuwa ameshachota supu kwenye kikombe na anakipeleka mdomoni, midomo mikavu, macho yamekwisha kuamua.

Kokushubila akamshika mkono. "Acha, shoga. Hii usiivunje."

"Nitarudia wiki ijayo, siku zipo."

"Acha."

Akakichukua kikombe, akakiweka chini, akawageukia wenzake. Angeweza kubahatisha. Mkono wake uliijua chumvi ya sufuria kubwa bila kuuliza, ila nyama ya leo ilikuwa imechemshwa na watu wengine kabla hajafika, na nani ametia nini humo hakujua. Na hizi ni sahani mia mbili za sherehe ya watoto wa mwenzake.

"Sijui kama imekubali," alisema. "Sisikii ladha. Wala harufu. Tangu Stanley afe."

Visu vikawekwa chini.

"Kwa hiyo arobaini ya mama yangu ulipika gizani?" Rosalia aliuliza.

"Gizani."

"Watu wakarudia sahani."

"Walirudia."

Hapo uani pakachemka kuliko masufuria. Mmoja akasema amedanganywa, mwingine akasema alishahisi siku nyingi, ambayo haikuwa kweli. Rosalia alikuwa ameshatoa simu, anasema bado saa zinatosha kumwita yule mpishi wa Tegeta mwenye magari na majiko ya gesi. Kokushubila akaanza kufungua aproni. Fundo la nyuma lilimshinda, na Mwanakombo akaja kumsaidia, kisha badala ya kulifungua akalikaza.

Flaviana alitoka ndani amevaa gauni lake la kanisani, visigino vikizama kwenye udongo, akauliza kuna nini. Akaambiwa na watu watano kwa pamoja. Alimtazama Kokushubila muda mrefu, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakumbuki wapi. Halafu akanyoosha kiganja.

"Nimwagieni."

Akalamba. Akafikiri.

"Chumvi bado kidogo. Dada Koku, endelea na kazi. Wifi, misa nitakwenda mimi na wanangu, wewe utabaki hapa uwe mdomo wake. Si unao?"

Hata moshi ulicheka.

Basi Rosalia akawa mdomo. Mwanakombo alikuwa anaonja kwa ishara. Huyu alikuwa anaonja kwa maneno, na hakujua kusema ladha bila kumsema mtu. Alilamba supu ya sufuria ya kwanza akatangaza kwamba hii ni kama bwana harusi, imenyooka ila inaogopa. Ya pili akasema imekaa kama mwanamke anayependeza lakini hajui kusalimia.

Kokushubila akasimama na mwiko. Kwa mara ya kwanza tangu homa ile, mtu alikuwa anamsimulia chakula. Akaifikiria iliki, namna inavyotangulia mlangoni kabla ya wenzake. "Mtie iliki asalimie," alisema. "Tano, ziponde kwanza."

Rosalia akaonja tena, akalamba vidole. "Kasalimia," alisema. "Kapiga na goti."

Wakaenda hivyo sufuria kwa sufuria, na asubuhi ikalegea. Kengele ya kanisa ilisikika kutoka bondeni, Mwanakombo alikaa kivulini na funga yake, akiwaambia wenye visu nani anakata vipande vikubwa. Mchele uliingia, maji yakakauka, wakapalia makaa juu ya mifuniko. Kilichobaki kilikuwa kusubiri. Kokushubila alikaa kwenye kigoda, moto mbele yake ukipumua, usingizi ukimjia na kuondoka, na katikati ya kuja na kuondoka kwake kitu kikamgusa puani.

Kidogo. Kama mtu anayebisha kwa kucha. Kilikuwa kichungu, chenye ncha, hakikupendeza hata kidogo. Alikaa bila kutikisika, anaogopa kupumua kwa nguvu kisije kikakimbia.

"Sufuria ya nne," alisema. "Toeni moto chini. Inaungua."

Rosalia akanusa hewa, akasema haiungui, wenzake wakanusa wakasema hawasikii kitu. Walikuwa wamekaa ndani ya moshi tangu alfajiri, pua zao zimejaa.

"Toeni moto, inaungua," Kokushubila alirudia, sasa amesimama, na sauti yake ilikuwa inapanda. "Rosalia, inaungua, naisikia."

Wakavuta kuni. Wakafunua. Upande mmoja, chini kabisa, wali ulikuwa umeanza kushika, rangi ya kahawa, na ule mwingine wote ulikuwa mzima. Rosalia alimtazama mpishi, akaitazama sufuria, akamtazama tena mpishi. Mwanakombo alifunika uso kwa upindo wa kanga na mabega yake yakaanza kucheza.

Harufu ile ilikaa muda wa kuhesabu kumi, kisha ikaondoka. Kokushubila alinusa mikono yake, akanusa karafuu, akanusa mvuke. Ukungu. Hakulia. Alisema Salamu Maria moja, ileile, akafunga vizuri aproni yake, akaenda kupakua.

Wageni walikuja na shangwe zao, mabinti wawili wamevaa nyeupe, foleni ikazunguka nyumba. Alipakua, akasalimia, akapakua. Mbele yake akafika mzee Gervas, mjomba wa Flaviana, mtu mfupi aliyevaa koti zito lisilo la hali ya hewa ya Dar es Salaam, koti la kwenye sanduku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

Upawa ulikuwa umeshaanza kushuka kwenye sahani pale harufu ya koti ilipomfikia. Vile vidonge vyeupe vya kuzuia wadudu, baridi, vitamu kidogo, nguo iliyokunjwa mwaka mzima. Stanley alikuwa na koti moja, lenye harufu hii hii. La Krismasi na la harusi.

Alimwaga pilau kwenye sahani. Akachota tena, akamwaga.

"Inatosha, mama," mzee alisema kwa upole.

Kokushubila alikuwa ameinamisha kichwa karibu na bega la lile koti, macho yamefumba, na mkono wake ukachota mara ya tatu, polepole. Nyuma foleni ilianza kunung'unika. Mzee Gervas aliitazama sahani yake iliyopanda kichuguu, akamtazama mwanamke yule, akaishika sahani kwa mikono miwili, akasogea karibu zaidi kidogo.