Kukatwa au Kungoja

Maumivu ya Yunia yalianzia chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani, na yakimshika hakuweza hata kunyooka. Mumewe, Masese, alifanya kazi katika kiwanda cha majani chai huko Roret. Mashine ikikwama, alijua pa kugonga. Kwa mkewe hakujua.

Kifuko cha nyongo cha Yunia kilikuwa kimetolewa mwaka juzi kwa sababu ya mawe. Wakaambiwa amepona. Halafu maumivu yakarudi, yale yale, na kila kipimo kikaonyesha hana shida. Phanice, dadake Masese, akaanza kusema kwamba wifi yake anakwepa kuchuma chai.

Ndiyo maana Daktari Chepkosgei wa Kericho alipomsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, Yunia alilia.

"Mwishoni mwa mrija wa nyongo, unapoingia kwenye utumbo, kuna msuli mdogo wa kufunga na kufungua," daktari alisema. "Nadhani wako unajikaza wakati unapaswa kulegea."

"Basi ukatwe," Yunia akasema.

"Inawezekana. Tunapitisha kamera mdomoni, tunaukata. Lakini mrija wako haujapanuka, na vipimo vya ini ni sawa. Watu wa aina yako walipochunguzwa, waliokatwa hawakupata nafuu zaidi kuliko ambao hawakukatwa. Tena kamera inaweza kuchokoza kongosho, livimbe, na hapo mtu huumwa vibaya. Njia nyingine ni dawa za kulegeza msuli na kutuliza neva, na kupunguza mafuta. Hiyo ni polepole, na siwezi kukuahidi kitu."

"Angekuwa dadako?" Masese akauliza.

"Ningemwambia aanze na dawa."

Wakaanza na dawa. Zilimpa Yunia kizunguzungu, akaanguka katikati ya michai. Akala sukuma wiki ya kuchemshwa mpaka mashavu yakaingia ndani. Siku nyingine zilikuwa nzuri, kisha maumivu yalirudi na kumtupa chini. Jumapili moja yalimshika kanisani, akatolewa nje akiwa amebebwa.

"Baba Ogari," alimwambia mumewe walipofika nyumbani, "kila siku unaniambia nivumilie. Nimechoka. Chagua wewe, nikatwe au ningoje. Nitafuata."

Masese akatazama mikono yake. Akisema akatwe, na kongosho livimbe? Akisema angoje, angoje hadi lini? Mwishowe akatoka kwenda kumfungua ng'ombe, ingawa ng'ombe alikuwa bado anakula.

Asubuhi Yunia alipanga nguo zake mwenyewe. Walienda hospitali nyingine, mbali na Kericho, ambako madaktari walikubali, wakamkata. Jioni hiyo tumbo likawa gumu, akatapika mpaka akaishiwa nguvu. Kongosho lilikuwa limevimba.

"Tumemwekea maji ya mshipa," nesi alimwambia Masese. "Sasa tunangoja."

Akangoja kwenye benchi, siku baada ya siku, akisikia mkewe akiguna upande wa pili wa pazia.

"Usiseme uliniambia," Yunia alimnong'oneza alipopata sauti.

"Uliponiuliza, sikukuambia chochote," Masese akajibu. Na hilo ndilo lililokuwa likimla.

Yunia alirudi nyumbani amekonda, lakini hai. Phanice alikuja na maziwa, akafua nguo zote bila kuombwa. Kwa muda Yunia alikula, akacheka na mtoto wao Ogari, na Masese akathubutu kulala usingizi.

Kisha adhuhuri moja, akimenya viazi, Yunia aliweka kisu chini taratibu.

"Ni yale?" Masese akauliza.

"Ni yale."

"Twende kwa Chepkosgei."

"Atasema nini?"

Masese alijua. Dawa tena, kidogo kidogo, labda. Pengine zingemfaa safari hii. Alitaka kumwambia hivyo, lakini uso wa mkewe ulikuwa umekunjamana. Aliketi sakafuni kando yake, akamwekea mkono mgongoni, kisha akauondoa, maana hata huo ulimuumiza.