Kiduara cha Buluu

Jumatatu, saa tatu kasoro robo asubuhi, ofisi ya vibali vya upasuaji ilifunguliwa ikiwa na kompyuta sita mpya kwenye kaunta na programu iliyotengenezwa na binti mmoja aliyefanya kazi ghorofa ya juu. Programu ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Ilifunguka kwenye kompyuta na kwenye simu, herufi zake kubwa za kusomwa na wazee, na kitufe cha TUMA kilikaa pale ambapo kidole kinakwenda chenyewe. Ila TUMA haikutuma popote. Huko maombi yalikotakiwa kwenda, hakuwa ameajiriwa daktari hata mmoja wa kuyasoma, na siku ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa.

"Weka kiduara kinachozunguka kwenye skrini," bosi wake alimwambia. "Mtu akiona kitu kinazunguka, haulizi."

Danganya toto, lakini akaweka. Cha buluu, na chini yake maneno: Tafadhali subiri.

Siku ya nne, watu waliokuwa wakisubiri majibu kwenye mabenchi wakaanza kuota mizizi. Ilianzia visiginoni, ikatoboa soksi, ikapenya katikati ya vigae. Mfagizi alipanda juu kuuliza awamwagilie au awaache. Bosi akasema awamwagilie, ila asilowanishe nyaya.

Wiki iliyofuata binti alimkuta mama yake benchi la tatu, mizizi imeshamshika. Mama hakuwa amemwambia kwamba anakuja. Hakutaka kumsumbua kazini. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, na la kulia daktari alisema lisipopasuliwa ndani ya wiki mbili, basi tena.

"Mama, inuka twende."

"Niende wapi, mwanangu, na kinazunguka? Si wewe uliyekitengeneza? Nimewaambia wote hapa. Hongera sana."

Binti aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akachuchumaa, akamnong'oneza kwamba nyuma ya kile kiduara hakuna kitu, hakuna mtu, hakuna hata foleni.

"Nyamaza," mama akasema. "Huyu jirani yangu ana mtoto wa kupasuliwa moyo. Atakusikia."

Akajaribu kumvuta. Mzizi mmoja ukakatika, ukatoa damu, mfagizi akaleta tambara.

"Bosi, mama yangu yuko chini," alisema alipopanda.

"Pole sana. Halafu watu wanalalamika hawajui maombi yao yamefika wapi. Ongeza asilimia."

Aliiongeza huku analia. Namba zilipanda mbio mwanzoni, zikapunguza mwendo, zikasimama tisini na tisa. Malalamiko yaliisha siku hiyohiyo.

Wiki mbili zikapita. Kila mchana binti alishuka na chupa ya maji, akammwagia mama yake miguuni taratibu, asipoteze hata tone. Mama alikuwa haoni tena. Uso wake ulielekea kaunta.

"Imefika ngapi?"

"Tisini na tisa, mama."

"Ah, basi bado kidogo," akasema, akajiweka sawa kwenye benchi.